Miezi minane na programu ya kutafuta ndani ya video: kupata inapata, kuunganisha bado

Kabla ya programu hii, faharasa ya hifadhi yetu ilikuwa kichwa changu. Ninatunza video za taasisi moja ya utafiti: mihadhara, mahojiano, warsha, na kanda za zamani zilizonakiliwa kwenye diski. Jumla ni kama saa 2,300. Ukikaa kuzitazama saa nane kwa siku bila kupumzika hata siku moja, utamaliza baada ya miezi tisa na nusu, na ukifika mwisho, ya mwanzo yameshakutoka. Aliyetaka kitu alinipigia simu: "Ndugu yangu, kuna yule mzee aliyesimulia mafuriko, alikaa karibu na dirisha, yuko kwenye kanda gani?" Nikikumbuka rangi ya pazia, amepona. Nisipokumbuka, basi tena. Mwaka juzi niliugua wiki tatu, na niliporudi nikakuta maombi kumi na tisa yamelala yakinisubiri. Ndipo nilipoanza kutafuta mashine ya kunirithi.

Jina la programu silitaji. Watengenezaji wake wananijibu barua kwa adabu, na kasoro nyingi nitakazozisema nilizikuta pia kwa wenzao wawili niliowajaribu kabla yao.

Kazi yake ni hivi. Unaipa video, inanukuu maneno yaliyosemwa, inaikata vipande kila picha inapobadilika, inasoma maandishi yanayoonekana kwenye skrini au ubaoni, halafu inakuruhusu kutafuta hata kwa maelezo ya picha: unaandika "mtu ameshika ramani", inakuletea watu walioshika ramani. Hilo la mwisho nililidhani ni maneno ya wauzaji. Si ya wauzaji. Tangu OpenAI, kampuni ya akili mnemba, walipotoa CLIP mwaka 2021, modeli iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo yake, kulinganisha sentensi na picha kumekuwa kitu cha kawaida, na hapa kinafanya kazi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa yule yule mzee wa mafuriko. Niliandika "mafuriko", yakaja majibu 61. Mihadhara ya tabianchi, mikutano ya bajeti, mtu akitania kuhusu bomba lililopasuka. Mzee hayumo. Nikaandika "mzee amekaa karibu na dirisha" na kuchagua kutafuta kwa picha, akatokea wa nne, na pazia lake. Nilipofungua unukuzi wake nikaelewa kwa nini neno halikumpata: katika dakika arobaini na mbili za mazungumzo hakutamka "mafuriko" hata mara moja. Alisema "maji yalipanda mpaka kizingitini", akasema "usiku ule", akasema "yalipoondoka". Aliyeishi jambo halitaji kwa jina la kwenye ripoti. Kwa hilo peke yake niliona pesa yangu haijapotea.

Unukuzi wenyewe ni habari nyingine. Programu haisemi inatumia modeli gani, lakini hali ya jumla inajulikana. Whisper, modeli ya OpenAI ya kunukuu sauti iliyotolewa wazi mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo ni saa 117,000 tu zilizogawanywa kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, tena zimegawanywa kwa upendeleo mkubwa. Kwa hiyo mhadhara wa Kiingereza hunukuliwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi, na mahojiano ya Kiswahili hutoka na matundu. Majina ya watu huandikwa kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja. Miaka ndiyo balaa: msemaji akisema "themanini na saba", mara inaandikwa 87, mara kwa maneno, mara 1987. Siku hizi nikitafuta mwaka naandika sura zote tatu.

Kuna na hili la vitenzi, ambalo sijaona mtu akilizungumza. Niliandika "hamisha". Ikaniletea watu waliotamka "hamisha" kavu kavu, na wangapi husema hivyo? Watu husema walituhamisha, tulihamishwa, hawakutuhamisha, nikahamia kwa shangazi. Kiswahili kinakibebesha kitenzi mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja, na programu iliyozoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani tu haioni mzizi uliofunikwa mbele. Niliwaandikia. Wakanishauri nitumie alama ya nyota, yaani nitafute "ham" pande zote zikiwa wazi. Nikajaribu. Nikaletewa mashamba, ufahamu, hamsini, na kila msemaji aliyefungua mkutano kwa "hamjambo". Nimejitengenezea daftari la mizizi mirefu mirefu, "hamish", "hami", na hivyo naendelea. Kutafuta kwa maana badala ya herufi kunasaidia kiasi, ila kukikosa huwezi kujua kumekosa nini.

Ukimya nao una vituko. Tuna video moja ambayo kamera iliachwa ikirekodi ukumbi mtupu kwa dakika kumi na moja. Unukuzi wa dakika hizo unasema: "Asante kwa kutazama." Mara nne. Hakuna aliyekuwamo. Modeli za aina hii zikikosa sauti hubahatisha, na hubahatisha kile zilichozoea kusikia mwishoni mwa video za mtandaoni. Ukumbi mtupu ni mzaha. Tatizo ni pale mtu anaponyamaza katikati ya kusimulia jambo zito, halafu mashine inamwekea maneno mdomoni. Mahojiano yote nyeti sasa nayapitia kwa masikio yangu kabla ya kuyafungulia wengine.

Sasa viungo, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nichague kifurushi cha juu. Ahadi ilikuwa kwamba programu itaunganisha yenyewe kipande cha video hii na kipande cha video ile vinavyozungumzia jambo moja, mtazamaji aruke kutoka huku hadi kule. Wazo hili si geni. Watafiti walilifanyia mashindano katika MediaEval, jukwaa la kupimana mifumo ya sauti na picha, kuanzia 2012, na mwaka 2015 likachukuliwa na TRECVID, upimaji wa mifumo ya kutafuta ndani ya video unaoendeshwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Kumbe wamehangaika nalo muda wote huo kwa sababu ni gumu, nami nikadhani nitalipata kwa kubofya.

Wiki ya kwanza ilitengeneza viungo zaidi ya elfu nne. Nikafungua vya mwanzo kwa shauku. Kiungo cha kwanza kilitoka "karibuni, tunaomba simu zizimwe" kwenda "karibuni, tunaomba simu zizimwe". Cha pili vivyo hivyo. Mihadhara yetu yote hufunguliwa na mtu mmoja kwa maneno yale yale mbele ya bango lile lile, basi programu ikaona hapa ndipo penye mfanano mkubwa kuliko popote, ikazifunga salamu zote pamoja kama shada. Haikukosea hesabu. Ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Anayemsikiliza mzee wa mafuriko hataki mzee mwingine akisema maneno yale yale. Anataka mhandisi aliyeeleza kwa nini tuta lilivunjika, au ramani ya bonde, au mwanamke wa ng'ambo ya mto anayekumbuka usiku ule ule kinyume chake. Hivyo havifanani, vinahusiana, na programu hii haijajua tofauti. Nilizizuia dakika tatu za mwanzo za kila mhadhara, viungo vikapungua hadi kama elfu moja na mia tatu, na katika kila kumi nilivyokagua, viwili au vitatu vilikuwa na faida.

Halafu vikaanza kuteleza.

Mtafiti mmoja aliniandikia kwamba kila kipande ninachompa kutoka mkutano fulani kinaanza mapema na kukatika kabla mtu hajamaliza jibu. Nikadhani ni kompyuta yake. Nikafungua mwenyewe, nikachukua saa ya kuhesabia na kalamu. Mwanzoni mwa mkutano, sawa kabisa. Kufikia saa moja, kiungo kilikuwa nyuma kwa sekunde tatu na nusu hivi. Kufikia saa mbili, saba. Aliyewahi kuhariri video ameshajua naelekea wapi. Rekodi ile ilifanywa kwa mfumo wa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 29.97 kwa sekunde, urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani, ambayo mwaka 1953 ilipunguza mwendo kidogo kutoka fremu 30 ili rangi ipate nafasi. Programu ilikuwa ikihesabu fremu na kugawanya kwa 30 kamili. Kwa kila saa inadhani kuna fremu 108 zaidi ya zilizopo, nazo ni sekunde 3.6. Video zetu za fremu 25 kamili hazikuguswa, ndiyo maana nilikaa miezi mitatu bila kugundua. Watengenezaji walikiri na kurekebisha ndani ya wiki mbili, ila viungo vya zamani hawakuvigusa. Nilivihesabu upya mwenyewe kwa jedwali, jioni tatu mfululizo.

Lililoniudhi zaidi, na hili sijawasamehe, ni kwamba viungo vyake vilikaa ndani ya programu kwa namba zake za siri. Nilipohamisha mafaili kwenye folda zenye mpangilio bora, viungo 340 vilikufa siku hiyo hiyo, pamoja na vile nilivyoviunda kwa mkono. Hakuna sababu ya hivyo. Tangu 2012 kuna kanuni ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ya kutaja kipande cha video ndani ya anwani yenyewe: unaongeza #t=120,150 mwishoni, kichezeshi kinachoijua kinacheza kuanzia sekunde ya 120 hadi ya 150. Ni wazi, fupi, na mtu anaweza kuisahihisha kwa jicho. Toleo lililotoka mwezi wa sita wa majaribio yangu sasa linakubali kutoa viungo kwa namna hiyo, na unukuzi unatoka kama faili la WebVTT, maandishi yenye saa ya kila sentensi, ambalo vivinjari vyote vinalisoma. Hilo nawapa alama kamili. Kama unafikiria programu yoyote ya aina hii, omba kwanza kutoa kila kitu nje kabla ya kuingiza chochote ndani.

Utambuzi wa nyuso nimeuzima. Unafanya kazi, tena vizuri mno. Waliokubali kuhojiwa nasi hawakukubali kusakwa uso kwa uso katika kila umati tuliowahi kupiga picha.

Malipo ni kwa saa za video unazoingiza, si kwa idadi ya watumiaji, kwa hiyo usimwage hifadhi yote siku ya kwanza. Nilianza na saa 600 zinazoulizwa mara kwa mara. Kiolesura ni cha kawaida, kinajifunzika kwa asubuhi moja. Ile tu kwamba picha ndogo za matokeo zinafunika sekunde zilipoandikwa, inanikera kila siku.

Wakati mwingine nawaonea wivu USC Shoah Foundation, hifadhi ya Marekani ya video za manusura wa mauaji ya Wayahudi na ya halaiki nyingine. Wana shuhuda zaidi ya 50,000, na watu, si mashine, walizisikiliza na kuziwekea maneno ya faharasa dakika kwa dakika. Mtu wa namna hiyo ndiye angesikia "maji yalipanda mpaka kizingitini" akaandika pembeni: mafuriko. Sina watu hao. Nina programu hii na masikio mawili, basi tumegawana. Yenyewe inatafuta, mimi naunganisha. Mkataba nimeuongeza mwaka mmoja, bila kifurushi cha viungo vya kujiunda vyenyewe.

Juzi nilimtumia mtu kiungo cha mzee, pale anapoeleza walivyompandisha ng'ombe ghorofani. Akanijibu kwamba kinaanza katikati ya neno. Nikakifungua. Kweli, programu ilikata picha ilipobadilika, na mzee alikuwa ameshaanza kusema kabla ya hapo. Nikafuta sekunde ya 1847, nikaandika 1844, nikamrudishia.