Kebo ya 6 hadi kwenye zizi: uzoefu wangu hapa Bahati

Kutoka mita ya stima ukutani hadi kwenye zizi langu hapa Bahati, nje ya Nakuru, ni mita 90. Huko nina mashine ya kukata matete na mabua. Mota yake ni ya hosipawa 3, fezi moja, na ikiwa kazini inakula karibu ampea 15. Nimeivutia kebo ya shaba ya 6 (milimita za mraba), ile ya kufukia yenye nyuzi za chuma. Nimeiridhia.

Muuzaji alishikilia nichukue ya 2.5. "Hii inabeba ampea 20 na zaidi, boss." Hakudanganya, isingeungua. Lakini yeye alikuwa anaongelea joto, na shida ya shamba ni umbali. Kwa kila ampea na kila mita, waya wa 2.5 hupoteza milivolti 18, wa 4 hupoteza 11, wa 6 hupoteza 7.3, kwenda na kurudi ikiwa imeshahesabiwa. Haya, 18 mara 15 mara 90 ni milivolti 24,300: volti 24, asilimia 10 nzima ya zile 240 za stima yetu! Kanuni za BS 7671 za Uingereza hushauri isizidi asilimia 5 kwa mashine, yaani volti 12. Ya 4 nayo inafika karibu 15. Ya 6 haifiki hata 10.

Na hiyo ni mota ikiwa imeshachanganya. Wakati wa kuwaka, mota za aina hii huvuta ampea mara tano hivi, na volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 64 tu. Ndipo unaisikia ikinguruma pale pale, kisha breka inaruka. Yangu inashika mara moja.

Fundi wangu, mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), alipima tukiwa tunakata: volti 236 kwenye mita, 227 kwenye mota. Jioni majirani wakiwasha majiko, mita yenyewe hushuka hadi 220, na hapo kebo haina dawa. Mimi hukata asubuhi.

Malalamiko yapo. Bei ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 2.5. Ni nzito, na kuikunja kwenye kona ya mtaro kulitaka watu wawili na matusi kidogo. Halafu kuna feki sokoni: kabla hujalipa, kwarua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, na hesabu zote za hapo juu hazifanyi kazi.

Jirani ana mashine kama yangu lakini zizi lake liko mita 150. Kwake ya 6 ingepoteza volti 16, kwa hiyo nimemwambia atafute ya 10. Bado anapiga hesabu ya maziwa.