Striker 4 au ECHOMAP UHD2 kwa boti ya kuvulia?

Zote ni mashine za Garmin za kutafutia samaki na njia baharini, zote zina GPS na kipima kina. Kinachokula pesa ni ramani. Striker 4 haina ramani ya bahari wala haiwekewi. Kwenye kioo chake cha inchi 3.5 unaona alama ulizoweka mwenyewe na mstari wa njia uliyopita, basi. ECHOMAP inakuonyesha mafungu, miamba na kina hata mahali usipowahi kufika.

Kwa mvuvi wa Nungwi anayefuata chewa kwenye miamba ileile, Striker inatosha kabisa. Ukifika juu ya mwamba unaweka alama, kesho unarudi palepale hata mvua ikiificha nchi kavu. Tena ni ya vitufe, na vidole vilivyojaa utelezi wa chambo vinapenda vitufe.

Ukivuka kwenda Mkondo wa Pemba kutafuta jodari, hapo ni habari nyingine. Kwenye maji chumvi Striker inasoma chini hadi mita 230 hivi, na katikati ya mkondo kina hukaribia mita 800. Transdusa ya kawaida ya ECHOMAP (kifaa cha majini kinachotuma sauti na kupokea mwangwi wake) nayo haifiki huko, lakini ramani inakuonyesha ukingo wa kilindi, na jodari hupenda kupita ukingoni.

Ila kabla ya kulipa, uliza ramani iliyomo ni ya wapi. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na pwani ya huko, na ya kwetu utainunua kando. Mimi ningechukua Striker, chenji ninunulie betri ya pili ya volti 12.