Vitabu vya watoto kuhusu pengwini: kipi ununue kwanza

Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka nchini Uganda, watu hushuka garini wapige picha mguu mmoja uko kaskazini mwa Ikweta na mwingine kusini. Ukiifuata Ikweta hiyohiyo kuelekea magharibi, ukavuka Kongo, Atlantiki na Amerika Kusini, unafika visiwa vya Galápagos, na huko kuna pengwini wanaoishi juani, hawajui barafu. Hicho ndicho kipimo changu ninapochagua vitabu vya wanangu na vya rafu ya darasa langu la chekechea. Kitabu kinachosema pengwini wote wanaishi kwenye barafu, sikinunui.

Kipimo cha pili ni dubu mweupe. Ukimwona amesimama na pengwini kwenye picha moja, jua mchoraji hakuuliza mtu: dubu huyo anaishi kaskazini kabisa ya dunia, pengwini karibu wote wako nusu ya kusini, na porini hawakutani kamwe. Tena tafuta ramani. Kitabu cha wanyama kisicho na ramani kinamwacha mtoto wa Mbale au Arua akidhani mambo yote haya yanatokea mahali pamoja panapoitwa ng'ambo.

Nafasi ya kwanza naipa kitabu cha picha za kamera kinachoonyesha aina mbalimbali za pengwini, kwa watoto wa miaka mitano hadi tisa. Aina ziko kama 18, na zinazozaliana Antaktika ni chache tu. Kizuri kitawapanga kwa urefu. Yule mkubwa, anayeitwa Emperor vitabuni, hufika karibu sentimita 120, yaani anatoshana na mwanafunzi wa darasa la pili. Mdogo kuliko wote, wa Australia na New Zealand, ana kama sentimita 33. Niliposimamisha rula ya shule mezani nikawaambia anaizidi kidogo tu, watoto walinyamaza, halafu kila mmoja akataka kuishika ile rula.

Hakikisha pengwini wa Afrika yumo. Anaishi pwani za Namibia na Afrika Kusini, na pale Boulders, karibu na Simon's Town, watu humwona ufukweni kwa macho yao. Sauti yake ni kama ya punda, na ukisoma ukurasa huo darasani jiandae kwa kelele. Angalia na mwaka wa kuchapishwa: mwaka 2024 ndege huyu aliingizwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa hiyo kitabu cha zamani kitakuambia hali yake ni nafuu. Zamani watu walichukua mayai yake, wakachimba na kuuza mbolea ya kinyesi cha ndege ambamo alikuwa akichimba viota. Siku hizi anakosa dagaa. Mtoto aliyekulia karibu na ziwa anaelewa mara moja maana ya samaki kuadimika.

Ya pili ni vitabu vinavyofuata familia moja ya Emperor kwa mwaka mzima. Binafsi ndivyo ninavyovipenda zaidi, ila vinaonyesha aina moja tu, ndiyo maana sikuviweka juu. Mama hutaga yai moja, akamkabidhi baba, akaenda baharini kutafuta chakula. Baba huliweka yai juu ya miguu yake, akalifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, na kuliatamia siku zipatazo 65 katikati ya baridi kali bila kula chochote. Madume husongamana, wakipokezana nafasi ya katikati penye joto. Kifaranga akianguliwa kabla mama hajarudi, baba humlisha kitu kama maziwa kinachotoka kooni mwake.

Kitabu chetu cha aina hii nilikinunua mtumba, kando ya barabara, bila kukifungua vizuri. Usiku tukafika penye yai miguuni, nikafunua, na kurasa nne zilizofuata hazikuwepo. Mwanangu akauliza, "Mama, liliangua?" Nilimsimulia kwa mdomo, lakini aliendelea kunyoosha kidole pale karatasi ilipochanika, akitaka picha.

Kwa walio chini ya miaka mitatu, nunua vya kurasa ngumu, vyenye neno moja au mawili kila ukurasa. Vitatafunwa, ndiyo kazi yake.

Ensaiklopidia ya wanyama naiweka ya nne, kwani pengwini hupewa kurasa mbili tu. Lakini kama pesa yako inatosha kitabu kimoja kwa nyumba nzima, basi chukua hiyo na usisite.

Mwisho ni hadithi za pengwini waliovaa skafu na kofia. Watoto wanazipenda, nami nawasomea. Nunua kwa ajili ya raha, huku kile cha maarifa kikiwa tayari nyumbani. Vya kupaka rangi acha kabisa: pengwini ni rahisi kuchora mwenyewe, mgongo mweusi, tumbo jeupe.

Kuhusu lugha, utakavyovikuta Kampala karibu vyote ni vya Kiingereza. Hilo lisikuzuie. Kisome peke yako kwanza, uandae maneno yako: kuatamia, kifaranga, kunyonyoka manyoya, mabawa yanayofanya kazi ya makasia. Mtoto wa miaka mitano anafuata picha na sauti yako, si maandishi. Walioko Busia au Malaba wana bahati, maana upande wa Kenya vitabu vya watoto vya Kiswahili ni vingi zaidi, ingawa vya pengwini itabidi uviulizie.

Kipya nunua kwenye maduka ya vitabu ya katikati ya jiji, hasa kile cha kwanza, kwa sababu ya mwaka wa kuchapishwa. Vingine mtumba unatosha. Vuta jalada taratibu uone kama kurasa zimeshonwa uzi au zimebandikwa gundi tu, na hesabu namba za kurasa zote, moja baada ya nyingine, kabla hujatoa pesa mfukoni.