Fimbo ya pool: kipenyo cha kuchagua kwa wachezaji wa Kisumu na Nakuru

Mchezaji aliyechoshwa na fimbo za baa zilizopinda huuliza kwanza bei, ilhali ni sehemu ya mbele ya shafti, yaani nusu nyembamba ya fimbo yenye ncha, inayoamua kama mpira mweupe utafika anakolenga. Ukiupiga upande wa kulia ili uzunguke, mpira huo husukumwa kidogo kushoto. Mkengeuko huu hutokana na uzito wa sentimita takriban 15 hadi 20 zilizo karibu na ncha: sehemu hiyo ikiwa nzito haisogei kando kwa urahisi, hivyo mpira ndio unaosogea. Kwa urefu uleule, shafti yenye kipenyo cha milimita 12 ina mbao pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ya milimita 13, na faida ya wembamba iko hapo, wala si katika kunyumbulika kama wengi wanavyodhani.

Ninaitanguliza shafti ya mbao ya milimita 12 hadi 12.5 yenye tundu ndani upande wa ncha, kwa kuwa hupunguza mkengeuko bila kumlazimu mchezaji kubadili namna anavyoishika. Ya pili ni ile ya kawaida ya milimita 13, ambayo hukengeusha zaidi lakini ni nafuu, na aliyeizoea hujua kiasi cha kufidia anapolenga. Shafti ya nyuzi za kaboni hukengeusha kidogo sana, tena unyevu wa kando ya ziwa hauipindishi; bei pekee ndiyo inayoiweka ya tatu.

Mwisho naziweka fimbo nyembamba za milimita 9 hadi 10, zilizoundwa kwa ajili ya mipira midogo, kwani nyingi huvishwa kwenye ncha pete ya shaba ya manjano inayorudisha uzito palepale ulipopunguzwa. Hata hivyo, kama meza yako ina mipira ya milimita 51 badala ya 57, zipandishe hadi nafasi ya pili, kwa sababu mpira mwepesi hukengeuka zaidi ukipigwa na shafti nzito.

Kabla ya kulipa, biringisha shafti juu ya meza uone kama imenyooka. Kisha piga mpira mweupe pembeni, kwa nguvu, ukilenga alama moja kwa fimbo mbili tofauti, huku umeilaza kila fimbo kadiri iwezekanavyo. Katika vyumba vyembamba, ambamo ukuta hukulazimisha kuinua kitako cha fimbo, mpira hupinda njiani na jaribio lote huharibika.