Kijitabu cha dua za kabla ya kuhutubia: nimekitumia, na haya ndiyo maoni yangu

Kijitabu hiki chenye kurasa 48, kinachoenea kwenye mfuko wa kanzu, nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 2,000 wiki moja kabla ya mahafali ya madrasa anayosoma binti yangu, ambako wazazi wenzangu walikuwa wamenipa jukumu la kusoma risala. Mwaka uliotangulia nilisoma risala kama hiyo huku karatasi ikitetemeka mkononi hadi mchakacho wake ukasikika kwenye kipaza sauti, na sikutaka yanikute tena.

Ukurasa ulionivuta ni ule wa dua ya Nabii Musa, amani iwe juu yake, iliyomo katika Surat Taha, aya ya 25 hadi ya 28: Rabbi shrah li sadri, wa yassir li amri, wahlul uqdatan min lisani, yafqahu qawli. Kiarabu chake kimechapwa kwa herufi kubwa zenye irabu zote, kiasi kwamba hata anayesoma kwa kusuasua atakifuata. Safu ya herufi za Kilatini ndiyo ya kuhadhari nayo, kwani ha ya wahlul na ha ya yafqahu, ambazo kwa Kiarabu ni herufi mbili tofauti, zimeandikwa sawasawa. Anayeitegemea safu hiyo ni vyema asomee mbele ya mwalimu kwanza.

Tafsiri imenisikitisha. Mwandishi ameandika "unijaalie niwe msemaji hodari", ilhali Nabii Musa hakuomba hivyo. Aliomba kifua chake kikunjuliwe, jambo lake lisahilishwe, na fundo lililo katika ulimi wake lifunguliwe, kwa sababu aliyoitaja mwenyewe: watu wapate kuyafahamu maneno yake. Wako wafasiri waliozingatia kwamba aliomba fundo moja tu lifunguliwe, yaani kiasi cha haja yake. Tena dua haiishii hapo, kwa kuwa kuanzia aya ya 29 anaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, ambaye katika Surat al-Qasas anamtaja kuwa ni fasaha zaidi yake wa ulimi. Kijitabu hakina hata mstari mmoja juu ya Harun, na kwangu mimi ombi hilo la kupewa msaidizi ndilo lililonifaa kuliko yote, maana baada ya kuzisoma aya hizo katika msahafu niliacha kuona haya, nikamwomba jirani yangu ambaye ni mwalimu anisikilize nikisoma risala jioni tatu mfululizo.

Kijitabu kinaagiza pia dua isomwe mara 21 kabla ya kusimama, bila kutaja dalili yoyote. Aya hazikuweka idadi, na sioni sababu ya kumtwisha mtu mwenye hofu hesabu ya kuhesabu.

Siku ya mahafali niliisoma mara moja, polepole, nikiwa nimekaa mstari wa mbele. Moyo ulinidunda nilipoitwa, lakini karatasi ilitulia, na nilipofika kwenye ombi la kukarabati paa la madrasa niliweza kuinua macho na kuwatazama wazazi. Kwa ajili ya ukurasa huo mmoja ninakipendekeza. Katika nakala yangu nimeikata ile tafsiri kwa kalamu, na pembeni nimeandika: wapate kufahamu maneno yangu.