Kiki ishirini kila alfajiri: uzoefu wangu na mafundi wawili wa kabureta

Mimi napeleka trei za mayai hapa Dar es Salaam, kutoka Goba kwenda maduka ya Mwenge na Sinza, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri pikipiki lazima iwe inanguruma. Yangu ni ya cc 150, ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, niliinunua mkononi mwa mtu. Miaka mitatu haikunisumbua kwa lolote zaidi ya cheni na tairi.

Masika iliyopita nilienda msibani Handeni nikakaa wiki tatu. Pikipiki niliiacha uani, mvua ikiinyeshea, koki ya mafuta sikuifunga. Niliporudi ikawa kiki kumi, kiki ishirini, choki, ile ya kuongezea injini mafuta ikiwa baridi, nimeivuta mpaka mwisho, mguu unauma. Ikiwaka lazima ushikilie mafuta, ukiachia tu inazima. Mke wangu akawa anaamka kwa kelele za kiki badala ya alamu.

Fundi wa kwanza yuko hapa karibu, kijana mchangamfu, mkono wake mwepesi. Alifungua kabureta dakika tano, akachomoa uzi mmoja kwenye waya mkuukuu wa klachi, akaupitisha kwenye jeti zote mbili, yaani vile vijitundu vinavyopitisha petroli, huku na huku, kama mtu anayechokonoa meno. "Kaka, hii ni takataka tu." Kisha akapandisha sindano ya kabureta tundu moja, akafunga. Kiki moja, ikawaka, tena bila choki. Nilimpa elfu kumi nikaondoka nikimsifia kila kijiwe.

Sifa zile nilizila mwenyewe. Wiki ya pili nikaona naingia sheli mara nyingi mno. Nyinyi mnaosubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi kusikia EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wametangaza bei gani mnajua maumivu hayo. Nikaamua kupima badala ya kulalamika: nikajaza tangi hadi shingoni, nikaandika kilomita, nikaendesha siku mbili njia zangu za kawaida, nikajaza tena sheli ileile, pampu ileile. Kilomita 122, lita 4.1. Yaani lita moja hainifikishi hata kilomita 30, na zamani ilikuwa inazidi 40. Kwenye foleni ya Mwenge ndiyo ilikuwa balaa, bomba linanuka petroli mpaka abiria wa bajaji jirani anaziba pua.

Kijana akasema kabureta imechoka, ninunue mpya. Nikaenda Kariakoo, nikatoa elfu arobaini kwa kabureta inayong'aa kama kijiko cha harusi. Siku hiyohiyo ikaanza kudondosha petroli kupitia kile kimpira cha chini, maana boya lake lilikuwa haliwezi kuzuia mafuta yasifurike. Kuirudisha, muuzaji akaniambia kitu kikishafungwa hakirudi. Kwa hiyo hapo sina cha kusimulia zaidi ya kwamba elfu arobaini ilienda, nikarudishia kabureta ya zamani.

Fundi wa pili ni mzee wa Makongo Juu, anafanya kazi chini ya mwembe, sanduku lake la spana ni la mbao. Nilielekezwa na muuza duka mteja wangu. Nikamwamkia, akaitikia, na jambo la kwanza aliloniambia ni nizime injini nisiiguse. Hakukimbilia kabureta. Alichomoa plagi, akanionyesha: masizi meusi makavu, kama chungu cha kuni. "Hii inalishwa kuliko inavyoweza kula," akasema. Plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe hewa imezidi, ikiwa hivi mafuta yamezidi.

Kisha akalegeza ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, akakinga kwa chupa ya maji ya kunywa. Tulipoiinua kwenye mwanga, chini kulikuwa na tabaka dogo la maji, petroli imeelea juu yake. Mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umepasuka, mvua ikawa inajipenyezea humo. Na petroli iliyolala kwenye kabureta wiki tatu huacha utando kama gundi, ukaziba jeti ndogo, ile inayolisha injini ukiwa hujafungua mafuta. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuwaka na haishiki sailensi, yaani kunguruma yenyewe bila kushikiliwa mafuta. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Lakini waya wa klachi ulikuwa umeshaleta wa pili. Jeti ni shaba laini, na tundu lake ndilo kipimo cha mafuta. Kila moja imegongwa namba ubavuni. Ukiichokonoa kwa chuma, namba inabaki ileile ila tundu si lile tena. Mzee alisema utando huondolewa kwa dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa pampu, ikishindikana basi uzi wa nailoni wa kuvulia. Na ile sindano iliyopandishwa ikaongeza mafuta juu ya mafuta. Nikamwambia, lakini mzee, iliwaka kwa kiki moja! Akacheka. "Mwanangu, ya kabureta ikiwaka alfajiri kiki moja bila choki, mara nyingi ujue imeshiba kupita kiasi."

Aliifunga tena kabureta yangu kwa jeti mpya mbili zenye namba zilezile (12,000), plagi (5,000), mpira wa mfuniko (2,000). Sindano akairudisha tundu la kati. Skrubu ya hewa aliikaza taratibu mpaka ikagota, akairudisha mizunguko miwili, kisha injini ikiwa ya moto akaipima kwa sikio, robo mzunguko kwa robo. Ufundi 15,000. Jumla 34,000, pungufu ya ile kabureta ya Kariakoo ambayo sasa watoto wanaichezea.

Kasoro zake ninazo. Ni mzito: nilifika saa tatu asubuhi nikaondoka saa kumi na moja jioni, na trei sita za mayai nilizomwahidi mteja wa Sinza hazikufika. Simu hapokei. Pampu ya upepo hana, mara mbili alitembea kwenda kwa mziba pancha. Na breki ya nyuma haikumjia akilini kabisa. Kesho yake nilipogusa kitovu cha gurudumu nikaungua kidole, kumbe breki ilikuwa inashika muda wote. Nikalegeza nati mwenyewe.

Vipimo baada ya hapo: kabla ya breki, kilomita 124 kwa lita 3.1, sawa na 40 kwa lita. Baada ya breki, 129 kwa lita 3, sawa na 43. Hizo kilomita tatu zilizoongezeka siapi, pengine foleni ilikuwa nyepesi siku hiyo. Siku hizi koki nafunga kila usiku, na mvua zikianza natoa maji ya bakuli kila baada ya wiki mbili. Kazi ya bisibisi moja na dakika mbili.

Kwa wepesi wa huduma, kijana wa kwanza anamshinda mzee mbali sana. Kabureta yangu lakini hataigusa tena. Juzi alinisimamisha pale kijiweni, akaniuliza kwa furaha kabisa, "Kaka, bado inawaka kiki moja?"

Nikamwambia sasa inawaka kiki mbili, na choki.

Akanionea huruma.