Gazeti la mtaa: kuuza au kugawa bure?

Mchapishaji wa gazeti la mji mdogo huamua jambo hili mapema, na kazi yake yote hufuata njia aliyochagua.

Anayeuza gazeti hutegemea watu wawili, msomaji na mtangazaji. Mmoja akinuna, mwingine humshikilia. Kisirani chake ni marudio: vifurushi vya nakala zisizonunuliwa hurudi vimefungwa kamba vilevile, karatasi na wino vimeshalipiwa, habari zimeshachacha. Lakini huyu anajua kinachosomwa. Toleo lenye ugomvi wa kiwanja cha shule likiisha saa tatu asubuhi, hahitaji kumwuliza mtu.

Anayegawa bure, njia iliyovuma baada ya gazeti la bure la Metro kuanza Stockholm, Uswidi, mwaka 1995, hana mauzo ya kufuatilia kwa mawakala. Gazeti humfikia kila mpita njia, na wingi huo ndio anaomwuzia mtangazaji. Shida huanza pale mfanyabiashara anayelipia ukurasa wa nyuma kila wiki anapotajwa kwenye habari ya zabuni. Simu italia kabla kurasa hazijafika mtamboni, na hapo hakuna pesa ya msomaji ya kuegemea.

Mimi ningeuza, hata nakala chache, bure nikaiachia matoleo maalumu kama ya uchaguzi. Matangazo ya vifo yawepo kwa njia zote mbili, na majina yahakikiwe herufi kwa herufi. Jina la marehemu likikosewa, ndugu watakuwa mlangoni kabla mhariri hajafika.